Jemadari wa Nizam (hotuba yangu ya Tanga, nimeiandika kama nilivyoongea)

Shikamooni wazee wangu, na vijana mambo zenu. Asanteni kwa kuniita, na asante ya pekee kwa aliyeleta hii feni maana joto la leo si mchezo.

Walionialika walitaka niongelee vita vya Tanga vya Novemba 1914, nikawaambia jamani habari ya nyuki waliowavamia askari wa Mwingereza vitani watu wa Tanga mnaijua kuliko mimi, kila mzee humu ndani ana nyuki wake na kila mmoja nyuki wake walimng'ata Mwingereza tofauti. Nikaomba ruhusa leo niende mbali kidogo, mpaka India, kwa mtu mmoja anaitwa El Edroos. Lakini nitapitia hapahapa mkoani kwenu kwanza, msije mkasema nimewaruka.

Wangapi humu washafika Jasini? Mikono juu. Ehe, sita, saba. Jasini kule Mkinga, unakaribia mpaka wa Kenya, minazi na mikoko na upepo. Sasa tarehe 18 Januari 1915 pale palikuwa na kikosi cha askari wa Kihindi mia tatu na kidogo wamejichimbia, na kamanda wao ni Kanali Raghbir Singh. Huyu bwana hakuwa mtu wa Mwingereza moja kwa moja. Alikuwa ofisa wa Maharaja wa Jammu na Kashmir, kikosi chake kinaitwa Kashmir Rifles, ni walewale waliopigana vizuri hapa mjini Novemba wakati wengine wanakimbilia baharini. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, akamjia na kompania tisa. Raghbir Singh akauawa palepale kwenye kituo chake, kesho yake risasi zimekwisha, waliobaki wakasalimu amri. Lettow akawaita wale makapteni wa Kiingereza, akawapongeza, akawarudishia panga zao mkononi na akawaachia waende zao kwa ahadi kwamba hawatapigana naye tena katika vita ile. Halafu akahesabu risasi alizotumia, kama laki mbili, akaona hii biashara ya kushinda vita namna hii itanifilisi, na ndo toka hapo akaanza ile vita yake ya kuvizia na kukimbia mpaka 1918.

Mimi nilipoisoma habari hii mara ya kwanza kilichonishika si Lettow. Nilijiuliza huyu ofisa wa Maharaja alikuwa anatafuta nini Jasini? Maharaja ana jeshi lake? Na kama ana jeshi lake, kwanini linakufa kwa ajili ya Mwingereza kwenye minazi ya Kidigo?

Basi ndo nikaingia humo na sijatoka mpaka leo.

Iko hivi. Mwingereza hakuitawala India yote kwa mkono wake. Kulikuwa na falme zaidi ya 560 za maharaja na nawabu na nizam, nyingine kubwa kama nchi, nyingine ukipiga chafya umeshavuka mpaka. Hawa wafalme waliachiwa viti vyao na mahakama zao na kodi zao, ila mambo ya nje na ulinzi ni ya Mwingereza, na pembeni ya kila mfalme mkubwa kakaa Mzungu mmoja anaitwa Resident. Wazee waliokaa Unguja enzi za Sultani wanaelewa hii habari bila mimi kuhangaika. Na heshima yao ilipimwa kwa mizinga jamani, mizinga ya salamu, huyu apigiwe 9, huyu 11, huyu 17, na waliopigiwa 21 walikuwa watano tu India nzima: Hyderabad, Mysore, Baroda, Gwalior na Kashmir. Watu waligombana miaka na miaka kwa ajili ya mizinga miwili ya nyongeza, barua zinaandikwa mpaka London.

Majeshi yao nayo ni hivyohivyo. Mwaka 1889 Mwingereza akaanzisha utaratibu kwamba mfalme anafuga vikosi kwa hela yake mwenyewe, anavilisha, anavivalisha, halafu vita ikija vikosi vinakwenda kumpigania Mwingereza. Ndo hao waliofika Jasini. Mwaka 1922 utaratibu ukabadilishwa jina na ngazi zikapangwa upya lakini kitu ni kilekile, silaha nzito hupewi, ndege hupewi, unapewa za kukutosha kulinda ikulu na kuwatia adabu wakulima na kupendeza siku ya gwaride. Yaani mfalme ana jeshi lakini ufunguo wa ghala anao mwingine.

Naomba nisimame kidogo hapa kwenye neno moja kwa sababu mimi ni mtu wa maneno. Sisi tunasema jemadari, tunamaanisha mkubwa wa majeshi, tena tunalipamba, jemadari wetu, jemadari shupavu, kwenye kampeni ndo usiseme. Neno hili limekuja na upepo kutoka kulekule. Burton na Speke, wale wasafiri wa Kiingereza, walipotoka pwani mwaka 1857 kwenda Ujiji walipewa askari wa Kibulushi wa Sultani na mkubwa wao alikuwa Jemadari Mallok, ambaye Burton kamsema vibaya, ila Burton kamsema vibaya kila mtu. Na katika jeshi la Kihindi la Mwingereza jemadar alikuwa ofisa wa chini kabisa wa kienyeji, cheo cha mwanzo tu pale, neno likavuka bahari likapanda cheo! Limefika kwetu likawa jenerali. Mimi hiyo inanifurahisha sana, sijui nyie.

Lakini Hyderabad jemadari alikuwa kitu kingine tena. Kule Waarabu wa Hadhramaut, Washihiri kama tunavyowaita huku, walikwenda kwa maelfu kuwa askari wa Nizam, yaani mfalme wa Hyderabad, na kila kundi na jemadari wake, na hao majemadari walitajirika. Walitajirika kiasi kwamba mmoja wao, Umar bin Awadh al-Quaiti, hela aliyoipata Hyderabad ndo ukoo wake ukaanzishia usultani mzima kule kwao, Shihr na Mukalla. Kwa hiyo Mshihiri aliyekuja Mombasa na Tanga na kuuza maji na kahawa, na Mshihiri aliyekwenda Hyderabad kubeba bunduki, ni watoto wa bonde moja, tofauti ni jahazi tu lilielekea wapi. Mpaka leo Hyderabad kuna mtaa unaitwa Barkas, yaani barracks, kambi ya askari, na wanaokaa humo ni wajukuu zao, wanakula vyakula vya Kiarabu na kuvaa kikoi.

Sasa ndo tunafika kwa mtu wetu.

Meja Jenerali Syed Ahmed El Edroos. Hilo jina likiandikwa Kiingereza linakuwa geni, lakini litamke taratibu: Al-Aidarus. Hapo wazee wameshatabasamu. Ukoo wa masayyid wa Tarim, kulekule Hadhramaut, ndo ile ziara na msikiti wa Aidarus pale Aden, na huku kwetu ndo jina la Sayyid Aidarus aliyeitia Hamziya katika Kiswahili, inayosomwa Lamu mpaka leo kwenye maulidi. Basi tawi la jina hilohilo likaota India, na mtoto aliyezaliwa 1899 akaja kuwa mkuu wa majeshi ya mfalme tajiri kuliko wote duniani, na wa mwisho katika cheo hicho.

Tajiri kuliko wote si maneno yangu. Mir Osman Ali Khan, Nizam wa saba, jarida la Time la Marekani lilimtoa kwenye kava mwaka 1937 kwa sifa hiyohiyo. Alikuwa na almasi moja kubwa, Jacob, akiifanya ya kukandamizia makaratasi mezani yasipeperuke. Nchi yake watu kama milioni 16, ukubwa zaidi ya kilomita za mraba 200,000, Rwanda na Burundi mkizifunga pamoja zinaingia mara tatu na nafasi inabaki. Ana sarafu yake, stempu zake, reli yake, hata shirika la ndege. Kitu alichokosa ni bahari. Na kingine, Nizam ni Muislamu na maofisa wengi Waislamu, ila raia wake zaidi ya asilimia 80 ni Wahindu. Hayo mawili, bahari na hesabu ya raia, muyaweke akilini.

Bendera yao nayo ina kisa. Katikati ina duara jeupe, watu hudhani mwezi, kumbe mkate! Kulcha, mkate wa duara kama naan. Wanasimulia Nizam wa kwanza alimtembelea walii mmoja akiwa na njaa, akakaribishwa mikate akala saba akashindwa kuendelea, walii akamwambia basi kizazi chako kitatawala mara saba. Ni hadithi, ndiyo, lakini hebu fikiria wewe ni mkuu wa majeshi wa Nizam wa saba, na kila asubuhi unaipigia saluti bendera yenye mkate.

Agosti 1947 Mwingereza anafunga virago. Falme zote zinaambiwa chagueni, India au Pakistan. Nizam akasema mimi sichagui, mimi nitakuwa nchi huru. Novemba 29 wakasaini na Delhi makubaliano ya kusimamisha mambo yalivyo kwa mwaka mmoja, lakini hata miezi sita haijaisha kila upande unamshtaki mwenzie. India ikabana mpaka, silaha haziingii, dawa na bidhaa zinaingia kwa taabu. Ndani ya nchi kule Telangana wakulima na wakomunisti wameshika silaha dhidi ya makabaila tangu 1946. Na hapohapo kuna Razakar, wanamgambo wa kujitolea chini ya mwanasheria mmoja anaitwa Qasim Razvi, mdomo mrefu, anahutubia kwamba atakwenda kusimika bendera ya mkate juu ya Red Fort ya Delhi. Wanachoma vijiji, wanapora, wanaua, na kila wanachofanya kinaandikwa kwenye hesabu ya Nizam.

Na El Edroos yuko wapi? El Edroos anahesabu. Kazi yake ndo hiyo. Jeshi lake kwenye karatasi watu kama 22,000, waliofundwa vita sawasawa kama 6,000. Mizinga ya kuhesabu kwa vidole. Magari ya deraya machache. Ndege za kivita hakuna, ukiacha za kukodi za Sidney Cotton, Muaustralia mmoja aliyekuwa anaingiza silaha usiku kutoka Karachi, safari moja kreti kadhaa, safari nyingine kreti kadhaa, kama mtu anayejaza pipa kwa kijiko cha chai. Ng'ambo ya mpaka India ina vifaru vya Sherman na ndege za Tempest na maofisa waliotoka kupigana Vita Kuu ya Pili. Na Hyderabad haina bahari, imezungukwa pande zote nne, hakuna hata pa kukimbilia.

Waziri Mkuu Mir Laiq Ali, mhandisi na mfanyabiashara, si mwanajeshi, yeye aliamini tukishikilia muda kidogo Umoja wa Mataifa utaingilia, kesi imeshapelekwa Baraza la Usalama. Shida ni kwamba "muda kidogo" ya mwanasiasa na "muda kidogo" ya mwanajeshi hazipimwi kwa saa moja. Hapo ndo ninapomuonea huruma huyu bwana. Umepewa jeshi la gwaride, limetengenezwa miaka 60 lisiweze kupigana na yeyote mwenye nguvu, ndo lilivyokusudiwa, halafu siku moja unaambiwa haya, zuia India.

Tarehe 11 Septemba 1948 Jinnah, mwasisi wa Pakistan, akafariki Karachi. Tarehe 13 alfajiri jeshi la India likaingia. Delhi wakasema si vita, ni operesheni ya polisi, na jina la siri wakaiita Polo, kisa Hyderabad ilikuwa na viwanja vya polo vingi kuliko mji wowote India. Polisi gani mnakuja na divisheni ya vifaru, sijui, lakini maneno ndo hayo. Kikosi kikubwa kilitokea Sholapur magharibi, kama kilomita 300 kutoka mji mkuu, kingine kikaja kutoka Bezwada upande wa mashariki. Siku ya kwanza Naldurg imekwenda, daraja la mto Bori limekamatwa likiwa zima. Siku ya pili Aurangabad. Mashariki, Suryapet, watu wa El Edroos walilivunja daraja la mto Musi, mainjinia wa India wakalitengeneza wakapita. Zahirabad mabomu ya ardhini yaliwachelewesha kidogo. Tarehe 17 asubuhi wako Bidar, na El Edroos akaenda kwa wakubwa akawaambia hawa wanaweza kuingia mjini saa yoyote na mimi sina cha kuwazuia. Jioni yake Nizam akatangaza kusitisha mapigano.

Siku tano. Huko Paris Baraza la Usalama lilikuwa limekaa kusikiliza shauri jana yake tu.

Sasa njooni tukae hapa kwenye tarehe 18, mchana, saa kumi. Barabara ya kuingia mjini. Meja Jenerali J. N. Chaudhuri wa India anashuka kwenye gari lake, El Edroos anamsubiri barabarani. Wanapeana mikono. Chaudhuri anamwambia nimeamriwa na mkubwa wangu, Rajendrasinhji, nipokee kusalimu amri kwa jeshi lako. El Edroos anamjibu, umeshalipata. Chaudhuri anaongeza, unaelewa hakuna masharti? Naelewa. Basi. Imekwisha hivyo, zaidi ya miaka 200 ya dola, maneno hayazidi ya muuza samaki na mteja. Halafu Chaudhuri akatabasamu, akatoa kopo lake la sigara akamnyooshea mwenzie, El Edroos naye akatabasamu akachukua moja, wakawasha, wakavuta pale barabarani, wakaachana kimya kimya.

Ile sigara mimi imenikaa kichwani. Naiweka pembeni ya zile panga za Jasini. Lettow anawarudishia panga makapteni waliobaki na Raghbir Singh yuko ardhini, watu wanamsifia mpaka leo, kafa kwenye kituo chake. El Edroos hakufa. Akavuta sigara. Na kwa hiyo akaitwa msaliti.

Aliitwa hivyo na wengi. Laiq Ali alitoroka baadae akaenda Pakistan, akaandika kumbukumbu zake na lawama akamrundikia jemadari, kwamba hakuwa na mpango, kwamba alimdanganya kuhusu uwezo wa jeshi. El Edroos naye aliandika ya kwake, yakachapwa miaka mingi baada ya kufa kwake. Mimi si hakimu lakini mmeniita niseme, nasema. Niambieni, angepigana siku ya sita na ya saba ingekuwaje? Vifaru viko nje ya mji wenye mamia kwa maelfu ya watu, vichochoro, soko, Charminar. Wangekufa nani? Lawama ninayoweza kumpa ni nyingine: kama alijua tangu mwanzo kwamba hesabu haiingii, na lazima alijua, angesema kwa sauti zaidi mapema, mbele ya Nizam, hata kama kingemgharimu cheo. Kukaa kimya kwa adabu mbele ya mkubwa, hilo gonjwa tunalijua wote humu ndani, tusijifanye hatulijui.

Maana mauaji yalikuja kweli, ila si vitani. Baada ya jeshi la Nizam kuweka silaha chini, huko vijijini, Osmanabad, Gulbarga, Bidar, Nanded, raia Waislamu wakaanza kuuawa kulipizwa yale ya Razakar, na wengi waliouawa hawakuwa Razakar hata kidogo, ni mafundi cherehani na wakulima. Serikali ya India ilituma tume ya Pandit Sunderlal, ikakadiria waliokufa kati ya 27,000 na 40,000, na ile ripoti ikafungiwa kabatini miaka mingi sana. Wasioweza kujitetea ndo walilipa, na jemadari wao hakuwa tena na askari hata mmoja wa kuwatuma.

Waarabu wengi wakawekwa ndani, wengine wakarudishwa Hadhramaut ambako hawajawahi kukanyaga. Nizam yeye hakuguswa, alifanywa mkuu wa heshima wa jimbo mpaka 1956, almasi zake anazo.

Na kuna wengine, hawa nimewaweka mwisho kwa makusudi maana ndo watu wetu. Nizam alikuwa na kikosi cha farasi kinaitwa African Cavalry Guards, Masidi, Wahabeshi kama wanavyoitwa kule, watu ambao babu zao walitoka huku Afrika, wengine utumwani, wakapanda farasi mbele ya msafara wa mfalme na mikuki yao. Jeshi likavunjwa nao wakaachwa bila kazi, farasi wamekwenda, wao wamebaki na nyumba ndogo walizokuwa wakikaa. Mtaa wao bado upo katikati ya Hyderabad, madereva wa bajaji wanauita AC Guards na ukimuuliza kijana wa leo anaweza akakwambia AC ni kiyoyozi. Harusi za mji ule zinapigiwa ngoma ya marfa, ya Waarabu na Masidi, Muhindu akioa inapigwa, Muislamu akioa inapigwa. Nilisikiliza rekodi yake kwenye simu usiku mmoja, mke wangu akapita akasema mbona hao ni wa kwetu, wameoa wapi leo? Nikamwambia Hyderabad. Akasema haya.

El Edroos alihamia Bangalore, akakaa huko bila jeshi, akafariki 1962. Mwaka huohuo mwezi Novemba, China imeshaipiga India milimani na mkuu wa majeshi kajiuzulu, Delhi wakamtafuta wa kushika nafasi. Wakamchagua yule mwenye sigara, Chaudhuri.

Haya, maswali. Mzee wa nyuma nimekuona toka zamani, najua unataka kunirudisha kwenye nyuki.